Chini ya Blanketi la Harusi

Katindo, Goma, tarehe 3 Septemba 2008

Evariste mdogo wangu,

Kabla ya salamu nakuuliza jambo moja. Huko msituni Rugari, mnakochoma miti iwe makala wewe na mume wangu Valentin, je, una habari kama mke wako bado anapika?

Sasa nakusalimu. Nina afya, watoto wangu wana afya. Nakuandikia kwa sababu nyumba yako na yangu zinatenganishwa na ua wa mawe ambao hata kuku anauruka, na mimi si kipofu. Hapa Katindo kila mwanamke anatoa mbabula yake nje, anajaza makala, anapuliza, na mtaa mzima unajua nani anapika na nani analala njaa. Mbabula ya Sidonie imeinamishwa ukutani kama kitu cha marehemu. Asubuhi anaiwasha moto mdogo, hata shati huwezi kukausha. Kisha anauzima haraka, anaficha majivu. Baada ya hapo ni baridi mpaka kesho yake.

Lakini jioni Chance na Benny wanatoka nje wakijipangusa midomo. Ni maharage. Nimenusa. Na maharage wewe unayajua, yanakula makala mchana kutwa.

Basi najiuliza anayepika ni nani. Kambi ya wanajeshi iko hapo mbele ya mlango wetu, na kule sufuria hazikosi moto. Mimi sisemi kitu. Nasema tu watoto wako wameshiba na mbabula yako iko baridi.

Mwambie Valentin gunia alilonitumia limekaribia kwisha, kwa sababu mimi napika na moshi wangu watu wanauona. Barua hii nampa Donat, atakapopanda na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao, kuja kuchukua mizigo. Nimemwambia aifiche ndani ya soksi na asimpe mwingine ila wewe.

Dada yako,
Clotilde

*

Rugari, tarehe 11 Septemba 2008

Mama Chance,

Niko hai. Valentin naye yuko hai, anakusalimu.

Donat anakuletea gunia la makala. Ni ya mti mgumu, hayatoi cheche. Litapita vizuizi vya pande mbili, vya askari wa serikali na vya waasi, na kila upande utajichotea, kwa hiyo usishangae ukikuta shingo yake imelegea. Nilifanya vizuri kuacha simu Goma. Huku mtu akikutwa na simu anaitwa mpelelezi, na anayeitwa hivyo hatumuoni tena. Tutaendelea na karatasi.

Nina maswali. Gunia la mwezi uliopita lilikwisha lini? Maharage mnayapika saa ngapi? Nani anaingia nyumbani kwangu? Nijibu moja baada ya jingine, usiruke.

Mimi huku nameza moshi ili mke wangu awe na cha kupikia. Macho yangu yamekuwa mekundu, kucha zangu hazitatakata tena. Kama mke wangu hapiki, basi moshi huu naumeza kwa ajili ya nani?

Papa Chance

*

Katindo, tarehe 18 Septemba 2008

Papa Chance,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana imeandikwa kama ya polisi. Lakini nakujibu, tena bila kuruka.

Gunia la mwezi uliopita halijakwisha. Maharage tunakula jioni, yameiva vizuri, Benny anaomba tena. Anayeingia nyumbani kwako ni dada yako Clotilde, anayekuja kuomba chumvi huku macho yake yanazunguka pembe zote nne. Umeridhika?

Sasa na mimi nina langu. Kila siku watu wa Rutshuru wanaingia Goma na magodoro vichwani. Wanasema vita vinashuka na barabara, kijiji baada ya kijiji, na Rugari iko kwenye barabara hiyo hiyo. Ninyi mko ndani ya msitu wa pariki, ambako walinzi wanawasaka, waasi wanawatoza na serikali inawashuku. Kila Donat anapoonekana kwenye kona, naacha ninachofanya mpaka nione uso wake. Shuka, Evariste. Shuka na Valentin. Makala tuliyo nayo yanatosha.

Usiniulize yanatoshaje. Kuna kitu nataka kukuonyesha kwa macho yako, si kwa barua. Kwenye barua utakasirika, nakujua. Njoo ukione, halafu ukitaka kugomba, gomba ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Chance amepanda mboga ya lengalenga ndani ya gunia lako kuukuu. Huku chini ni mawe ya volkano matupu, kwa hiyo amejaza maganda ya viazi na ndizi mpaka yakaoza yakawa udongo, na anamwagilia maji niliyooshea majani ya sombe. Amesema majani ya kwanza ni ya papa yake. Usimfanye ayangojee mpaka yanyauke.

Mke wako,
Sidonie

*

Rugari, tarehe 24 Septemba 2008

Dada Clotilde,

Anasema gunia halijakwisha. Watu watatu, maharage kila siku, na gunia halijakwisha. Tena anasema kuna kitu ambacho hawezi kukitaja kwenye barua.

Niangalizie. Uniandikie ulichokiona, si ulichokidhani. Valentin usimwambie neno, yeye siku hizi anaimba wimbo mmoja tu wa kushuka Goma.

Ndugu yako,
Evariste

*

Katindo, tarehe 2 Oktoba 2008

Evariste mdogo wangu,

Umeniambia niandike nilichokiona. Naandika, na ukae chini kwanza.

Jumatatu asubuhi mwanajeshi alitoka upande wa kambi na gunia begani, akaenda moja kwa moja mlangoni pako. Hakubisha hodi kama mgeni. Sidonie alifungua, akacheka, akasema: "Aksanti sana, shefu, Mungu akubariki. Na kesho utaleta tena?" Yule akajibu: "Nitaleta, mama, ile ingine iko tele." Nilikuwa naanika nguo, nimesikia kwa masikio haya.

Siku iliyofuata, mchana, nikaenda kuomba chumvi. Mlango wa chumba chenu ulikuwa wazi kidogo. Kitandani palikuwa na kitu. Kilikuwa cha mviringo, kama mtu aliyejikunja amelala, na juu yake lilikuwa blanketi lenu la harusi, lile jekundu la chui. Mchana, Evariste, jua likiwaka. Sidonie aliinama juu yake, akachomeka pembe za blanketi chini, polepole, kwa upendo, kama unavyomfunika mtu usiyetaka apate baridi. Akaweka kiganja juu, akatabasamu peke yake. Akamwambia Chance: "Musiguse kitanda. Musifunue mpaka jioni."

Aliponiona alifunga mlango haraka, akanipa chumvi nyingi kuliko niliyoomba.

Sikudhani chochote. Nimeona tu. Mwambie Valentin namngoja, nimemshonea shati.

Clotilde

*

Rugari, tarehe 9 Oktoba 2008

Sidonie,

Lile blanketi nililibeba begani kutoka soko la Birere, siku moja kabla ya harusi yetu, mvua ikininyeshea mimi na si blanketi. Leo nimeambiwa nani analala chini yake mchana, wakati mimi nalala juu ya matawi.

Usiniandikie kwamba si kweli. Gunia haliishi kwa sababu hupiki. Watoto wanashiba kwa sababu kuna sufuria ya mwingine. Kitu usichoweza kukitaja kwenye barua sasa nimekijua. Umenitaka nishuke nikione kwa macho. Hata huna haya.

Sishuki. Valentin alitaka tushuke Jumapili, alishafunga na mfuko wake. Nimekataa. Leo tumeziba na kuwasha tanuri jipya, kubwa kuliko yote tuliyowahi kupanga. Wewe uliolewa na mchoma makala, unajua maana yake. Tanuri likishawashwa haliachwi. Lazima mtu akae, azibe kila ufa kwa udongo, la sivyo hewa inaingia na miti yote inakuwa majivu. Kwa hiyo tumefungwa hapa mpaka lizime, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Valentin ameniambia: "Shemeji, tushuke. Mambo ya nyumba banaitengenezaka ku nyumba." Nimemwambia aende peke yake. Amekasirika, ametupa koleo, lakini amebaki. Anasema hawezi kumwacha ndugu ya mke wake porini.

Watoto wabusu. Wewe nakuacha na blanketi lako.

Evariste

*

Katindo, tarehe 17 Oktoba 2008

Evariste,

Aliyelala chini ya blanketi lako anaitwa sufuria.

Nimeumia. Nasema wazi ili usiniulize. Nililia nikanyamaza, nikasoma tena, nikalia kwa hasira. Miaka yote hii umenilala ubavuni na hukunijua zaidi ya hapo. Lakini naandika, kwa sababu hasira yako imekufungia mahali ambapo risasi zinakuja.

Sikiliza vizuri. Tangu Juni nakwenda parokia kwa Mama Philomène, anayewafundisha wanawake kupika bila kupoteza moto. Maharage nayaloweka tangu usiku. Asubuhi nayachemsha, yakishatokota sana ndani ya sufuria naipua na mfuniko wake. Naiingiza haraka ndani ya kikapu kikubwa nilichokijaza majani makavu ya ndizi na matambara. Juu naweka mto wa majani, halafu nazungushia blanketi, namaliza. Sufuria inabaki na joto lake, na maharage yanaendelea kuiva yenyewe hadi jioni. Sharti ni moja tu, usifunue kuangalia. Ukifunua joto linatoka na unakula mawe. Ndiyo maana nawakataza watoto, na ndiyo maana naweka kiganja juu, kusikia kama joto linavuja. Kama nilitabasamu, nilitabasamu kwa maharage.

Nilichukua blanketi la harusi kwa sababu ndilo zito kuliko yote tuliyo nayo, na kwa sababu mwenyewe hayupo wa kulilalia.

Yule mwanajeshi ana mke, jina lake Bénita, tunafundishwa naye pamoja. Ndani ya gunia lake mlikuwa unga wa mbao kutoka kwa maseremala walio nyuma ya kambi, ambao walikuwa wakiumwaga mtaroni. Tunauchanganya na karatasi kuukuu zilizolowa na vumbi la makala, tunafinyanga mabonge kwa mikono, tunayaanika juu ya mawe ya volkano. Moto mdogo anaouona dada yako asubuhi ni wa mabonge hayo. Najua unavyokunja uso sasa hivi.

Kumbuka siku ile kabla hujaondoka, nilipotengeneza mabonge ya kwanza. Uliyakanyaga. Ukasema mke wa mchoma makala hapikii takataka, watu watasema mume wake hawezi kumlisha. Ulisema mbele ya watoto. Basi nikanyamaza, nikaficha kikapu chumbani, nikaficha mabonge chini ya beseni. Kosa langu ndilo hilo, sikukuamini kwamba ungeelewa. Lako unalijua.

Magunia uliyonitumia yote yapo chini ya kitanda, yamefungwa, sijagusa hata moja tangu Juni. Hicho ndicho nilichotaka ukione. Nilitaka uiname, uyaone yamejipanga, ndipo nikuambie kwamba nyumba hii inaweza kula bila wewe kuingia msituni. Kukuambia bila kukuonyesha ingekuwa kama kukuambia hufai kitu. Nakutaka wewe, sitaki magunia.

Liache tanuri liwe majivu. Shukeni wote wawili leo hii.

Sidonie

Tarehe 28 Oktoba. Naongeza chini ya karatasi hii hii. Donat amerudi nayo. Mara ya kwanza alizuiwa njiani, mara ya pili amekutana na watu wanaokimbia kutoka Rumangabo na Kibumba, barabara imejaa kichwa kwa kichwa. Amesema: "Mama Chance, kule hakuna tena kupita. Hata chukudu niliitupa kwanza, nikairudilia." Wewe hujui chochote nilichoandika hapa juu. Uko huko bado unaniwazia vile. Sijui hata kama uko hai wa kuniwazia.

*

Katindo, tarehe 5 Novemba 2008

Papa Chance,

Donat amekuona. Uko Kibati, katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai karibu na barabara. Nilipomsikia nilikaa chini hapo hapo mlangoni, nikashukuru Mungu mpaka Benny akadhani naumwa.

Donat anasema umekonda, huongei na mtu, na alipokuambia upande chukudu ukageuza uso. Kutoka Kibati mpaka kwako ni kushuka tu. Watu wenye miguu mibovu wameshafika, wewe umekaa. Kwa hiyo bado una hasira na mimi. Sawa. Ndiyo sababu leo natuma vitu viwili.

Cha kwanza ni barua yangu ya Oktoba, ile iliyorudi. Imechakaa, lakini inasomeka. Isome kwanza.

Cha pili ni kikapu. Alfajiri nimechemsha maharage, nimeyaingiza humo yakiwa bado mabichi ya kutafuna, nimekizungushia blanketi la harusi na kumkabidhi Donat. Atasukuma mpaka Kibati, atakapofika jua litakuwa juu. Hakuna moto ndani, hakuna mwanajeshi ndani. Ukifunua na kukuta yameiva, utajua nani amekuwa akiwalisha watoto wako. Ukiyakuta mabichi, basi usirudi.

Nikupe na habari za huku. Usiku ule wa tarehe 29 mji ulivurugika, watu wenye bunduki walivunja maduka na milango, tukasikia vilio upande wa chini. Wengi walikimbilia ng'ambo ya mpaka. Mimi nilisukuma kabati mlangoni, nikabaki. Clotilde aliruka ua na watoto wake wote, akaingia kwangu. Siku zilizofuata soko lilifungwa, makala hakuna hata ya kuomba, na wanawake walikuwa wanachoma viti vyao. Dada yako alinitazama nikienda chumbani, nikafunua blanketi mbele yake, nikapakua maharage ya moto kwa watu wote. Aliangalia kikapu, akaangalia kitanda. Alikula, baadaye akaosha vyombo vyote peke yake, hata vile visivyokuwa vichafu. Sasa ananisaidia kufinyanga mabonge.

Anauliza habari za Valentin kila saa. Donat hakumwona, lakini Clotilde anasema mtakuwa mmegawana, mmoja anapanga foleni ya maji na mwingine analinda turubai. Shati lake amelipiga pasi tena. Kwenye kikapu, juu ya mfuniko, utakuta pilipili zimefungwa katika karatasi. Ni yeye aliyeziweka, anasema mume wake hali maharage bila pilipili. Sehemu yake nimeiweka humo humo, msigombanie.

Shuka, Evariste. Shukeni.

Sidonie

*

Kibati, tarehe 6 Novemba 2008

Mama Chance,

Naandika juu ya goti, Donat anangoja.

Kwenye kizuizi askari walimsimamisha. Mmoja akauliza: "Ni nini uko nabeba na blanketi? Mutoto?" Donat akajibu: "Hapana, shefu, ni maharagi. Iko naendelea kuiva." Wakacheka, wakasema anawadharau, wakafunua. Mvuke ukawapiga usoni. Donat anasema mmoja wao aliinua kikapu juu akatazama chini yake, akitafuta moto. Halafu wakaketi wakala nusu. Kwa hiyo yalikuwa yameiva, Sidonie, kabla hata hayajanifikia. Nusu iliyobaki ilikuwa bado na joto. Niliisoma barua yako kwanza kama ulivyosema, kisha nikala, na nilikuwa nalia mbele ya watu wa turubai langu, ambao walidhani ni njaa.

Sina neno la kukuomba msamaha ambalo litatosha. Nitalitafuta nikiwa nyumbani.

Lakini hasira haikunizuia hapa. Hasira iliisha kabla sijafika Kibati. Ninachokuandikia sasa usikisome kwa sauti, na kama Clotilde yuko karibu, toka nje.

Siku vita vilipotufikia, tanuri lilikuwa bado linawaka. Mabomu yalianza kuanguka upande wa barabara, tukakimbia na koleo mikononi. Tulikuwa tumeshafika bondeni, tumeshapona. Valentin akageuka akaona moshi mweusi, akajua ufa umefunguka. Akasema: "Shemeji, iko nageuka majivu yote. Ngoja nizibe, narudi sasa hivi. Clotilde hana makala." Nilimshika shati, akajitoa. Nilisikia milio. Nilingoja mpaka kukawa kimya, nikarudi nikitambaa. Alikuwa ameshaziba ufa. Alikuwa amelala kando ya tanuri, koleo bado liko mkononi. Nilimfunika kwa udongo ule ule tuliokuwa tumechimba wa kufunikia tanuri, sikuwa na kingine. Nimekata msalaba wa tawi, mahali napajua.

Angeshuka ile Jumapili. Mfuko wake ulikuwa tayari. Alibaki kwa sababu mimi niliwasha lile tanuri kwa ukaidi, na niliwasha kwa sababu ya barua niliyoandikiwa na mke wake. Hilo yeye hajui, na mimi sitamwambia. Na wewe usimwambie, nakuomba, hata siku mkigombana. Najua ipo siku atalijua mwenyewe, atakapohesabu tarehe. Ndiyo maana nimekaa hapa nikigeuza uso. Kukutazama wewe ningeweza. Dada yangu siwezi kumtazama, na lazima.

Kesho asubuhi nashuka na Donat. Fanya hivi. Mwite Clotilde aje kwako mapema, na watoto wake, asiwe peke yake. Usimwambie kwa nini, mpe kazi ya mabonge. Pika kwenye kikapu, usiwashe moto nje, maana akiona watu wanaanza kuwasha moto wa kilio katika ua wake ataelewa kabla sijafika, na anastahili kusikia kutoka kinywani mwangu.

Blanketi nalirudisha. Nikishamwambia, mfunike nalo.

Halafu utoe magunia yote chini ya kitanda, usibakize. Kusanya mbabula za majirani, uzipange katika ua wake na uziwashe zote, usiku huo na unaofuata mpaka kilio kiishe, ili kila atakayekuja kulia naye apate joto na chai. Safari hii usibane moto. Makala hayo Valentin aliyachoma kwa mikono yake.

Evariste